Dege Niliyemlea

Nilipokuwa mtoto sikuweza kushika jambo moja nikatulia nalo. Asubuhi ungenikuta nimejibanza kwa Bibi, nafinyanga kidude cha udongo kisichofanana na chungu wala bakuli. Jua likipanda niko kwa wapiga ngoma, nawauliza kwa nini ngozi ya mbuzi hulia tofauti na ya ng'ombe. Alasiri niko chuoni kwa maalimu, wenzangu wanakariri sura, mimi herufi zangu nazichora na mikia na masikio mpaka fimbo inaniangukia. Mama alikuwa akisema, "Zaina, wewe ni kuku wa kienyeji. Unadonoa huku, unadonoa kule, hushibi popote." Hakusema kwa ubaya. Nadhani alinihurumia tu, maana kwetu mtoto wa kike wa namna hiyo hakujulikana angeishia wapi.

Miaka ile ilikuwa ya vijiji. Sisi ni Wazigua wa upande wa Handeni, na mji wetu wa zamani ulikuwa peke yake kwenye mteremko, nyumba chache za ndugu watupu. Tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, upande wa Makuyuni. Trekta likaja na tela lake, likapakia vinu, mikeka, kuku waliofungwa miguu, na Bibi aliyekaa juu ya mzigo ameipa nyumba yake mgongo ili asiione ikiachwa. Huko tulikokwenda nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Baba hakuwa nasi siku nyingi. Alikuwa akifanya kazi kwenye korona huko Ngombezi, mashine ya kukamua mkonge, na alikuja nyumbani alipopewa ruhusa. Tulibaki Mama, Bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Rajabu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuimba nyimbo nilizomfundisha, akikosea maneno yote ila kiitikio.

Watu wazima walikiogopa kijiji kile kipya. Hawakusema mkutanoni, walisema jikoni. Msitu ulikuwa umekatwa haraka mno, bila wenyewe kuombwa ruhusa, na hao wenyewe hawakuwa watu. Nyuma ya nyumba za mwisho kulikuwa na bonde la maji yasiyotembea. Masika ya kwanza ilipofika, watoto wakaanza kuugua. Asubuhi mtoto anacheza, jioni anazikwa. Nilizoea kuwaona wanaume wakipita na kitu kidogo kilichofunikwa kanga, wanatembea upesi bila kuongea, na Mama akinivuta ndani kwa mkono.

Katika masika ile ndipo nilipookota kile kifuko.

Kilikuwa kimegandamana na kisiki pembeni ya shamba la kijiji, kigumu kama ganda la korosho, kimefumwa kwa nyuzi za kahawia. Nilikibandua, nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaliweka kopo chini ya kitanda tulicholala mimi na Rajabu. Sikumficha mtu. Vitu vyangu vyote vilikaa chini ya kitanda kile: mawe, magamba ya konokono, vipande vya mkaa vya kuchorea. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Siku moja asubuhi nikasikia kopo linakwaruzwa kutoka ndani. Nilipofungua nikaona kiumbe amekaa ukingoni, anatetemeka, mabawa yake yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Nikamtazama mpaka yalipokunjuka. Yalikuwa mapana kuliko kiganja cha Baba, rangi ya majivu na kutu, na katika kila bawa palikuwa na jicho. Nasema jicho kwa sababu lilikuwa jicho kweli, na mboni yake na weupe wake, linakutazama hata ukihama upande. Rajabu alipiga makofi. Mimi nikachovya jani kwenye asali nikampelekea. Hakula. Nikambadilishia maji, nikambadilishia utomvu wa papai, wapi. Mwishowe nikamgeuza kwa ncha ya mwiba nimtafute mdomo, na mdomo sikuuona. Hakuwa nao. Nilishangaa mno kwamba Mungu anaweza kuumba kitu kizuri namna ile akakinyima pa kulia.

Nikakimbilia kwa Bibi kumwonyesha.

Bibi alikuwa akipepeta mahindi. Ungo ulimtoka mikononi, mahindi yakatawanyika ua mzima, na hakuinama kuyaokota. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kumwaga hata punje.

"Umemtoa wapi?"

"Ametokea kwenye kopo, Bibi. Chini ya kitanda."

"Amelala humo ndani? Humo alimolala mtoto?"

Nikaitikia. Akavua kanga yake ya mabegani, akalifunika kopo na kiumbe wake, akaenda nalo bondeni huku midomo yake ikisoma. Hakumuua. Alisema huyo hauawi, huombwa tu aende. Aliporudi akanikalisha mbele yake, akanishika kidevu ili nisiangalie pengine.

"Huyo ndiye dege," akasema. "Akipita juu ya mtoto aliyelala, mtoto hukakamaa kama kijiti, macho yakageuka nyuma, povu likamtoka. Na mtoto aliyeshikwa na dege hachomwi sindano. Sindano na dege havikai mwili mmoja. Akichomwa, anakufa palepale. Umenisikia, mjukuu wangu?"

Nilisikia. Kijiji kizima kilijua habari ya mtoto wa jirani yetu Mwanaisha, aliyepelekwa zahanati akiwa anatetemeka, akachomwa, akarudishwa amefunikwa, pamba ya sindano ingali imemganda pajani. Mimi mwenyewe niliiona ile pamba. Tangu siku hiyo ya kopo sikulala vizuri. Nilimlalia Rajabu kwa juu, mkono wangu umemfunika uso, mpaka akawa ananisukuma kwa joto.

Haikusaidia. Mchana mmoja, jua likiwa kali baada ya mvua, Mama yuko shamba la kijiji na wenzake, Rajabu akasema anasikia baridi. Nikamfunika. Akasema anaona watu ukutani. Nikatazama ukuta, palikuwa na michoro yangu ya mkaa tu. Kisha akanyamaza, na mwili wake ukanyooka mikononi mwangu. Ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe. Macho yake yalikwenda juu, yakaacha weupe, na taya likaanza kugonga.

Nilipiga ukelele ambao hata leo nikiukumbuka koo linaniuma.

Bibi aliingia, akamwona, akasema neno moja tu: "Amefika." Akafukiza. Alikuwa na kipande cha kinyesi cha tembo alichokitunza tangu mji wa zamani, akakiweka kwenye makaa, akamfunika mtoto pamoja na moshi. Nyumba ikajaa majirani. Shangazi Mwanjaa, dada yake Baba, alisimama mlangoni na mikono kichwani. Naye, mbele ya wote, akanielekezea kidole.

"Si huyu aliyemlea dege ndani ya nyumba? Akampa asali? Sasa mnalia nini? Kaitwa, kaja."

Wote wakanitazama, na wanawake waliokuwa karibu yangu wakasogea, kidogo tu, kama mtu anayepisha moshi. Nimewahi kuogopa mambo mengi tangu siku ile, na mengine ya kuogopesha kweli. Lakini ile nafasi ndogo waliyoiacha kati yao na mimi sijaona kitu kama hicho.

Mama alifika akikimbia, tope mpaka magotini. Hakuuliza lolote. Alimtoa Rajabu kwenye moshi, akamfunga mgongoni, akatoka. Zahanati ilikuwa kijiji cha pili, njia ikipita kando ya mashamba ya mkonge. Bibi akamfuata. Nami nikawafuata wote wawili, kwa sababu sikuwa na pa kubaki.

Njia nzima Bibi alisema na mgongo wa Mama. "Mwanangu, umpeleke wapi? Wakamchome? Ulimwona wa Mwanaisha." Tangu aolewe Mama hakuwahi kumpinga mkwe wake kwa neno, wala siku hiyo hakumpinga, alitembea tu. Mimi nilitembea nyuma nikiangalia kichwa cha mdogo wangu kinavyoning'inia. Pande zote mbili mkonge ulisimama na miiba yake, na kila kitu kilichoruka juu yetu, hata mbayuwayu, nilikitazama nijue kama kina macho mabawani.

Zahanati ile ilikuwa na nesi mmoja, Eliwaza, Mpare wa milimani, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilimfahamu, kwa kuwa sikuwa na mahali ambako sikuwa nimechungulia. Nilikuwa nikienda kutazama anavyochemsha sindano kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na hakuwahi kunifukuza. Alipotuona alitoka nje. Bibi akamtangulia Mama, akasimama katikati ya mlango.

"Shikamoo, Bibi," nesi akasema.

Bibi hakuitikia. Nesi akangoja. Mtoto anakoroma mgongoni mwa Mama, nesi amesimama anangoja salamu yake, mpaka Bibi akatoa "Marahaba" iliyotoka kama kikohozi.

"Ameshikwa na nini?"

"Dege."

Nilidhani atacheka. Maafisa waliokuja kijijini walikuwa wakicheka. Yeye akauliza, "Ameachia, au bado amemshika?"

"Ameachia njiani."

"Kama ameachia, basi amekwenda zake. Iliyobaki ni homa, Bibi. Ya dege siijui, hiyo ni yenu. Ya homa ninayo dawa."

"Dawa ya sindano."

"Ya sindano. Kwinini. Ya kumeza hawezi sasa."

"Wa Mwanaisha ulisema hivyo hivyo."

Nesi Eliwaza akainamisha macho. "Nilisema," akajibu. "Aliletwa amechelewa, na hata hivyo nilitumaini. Silali vizuri tangu siku ile. Na huyu akichelewa nitamkosa pia."

Wakasimama hivyo, wanawake wawili walioogopa kitu kimoja. Ndipo Mama, aliyekuwa amefungua kanga na kumshusha Rajabu mapajani, akasema bila kumtazama Bibi:

"Mchome."

Bibi akaketi chini kwenye vumbi kama aliyekatwa miguu.

Rajabu akachomwa. Nesi akamlaza ubavu, akatulowekea vitambaa, akatuonyesha namna ya kumpangusa. Kidogo tu baadaye, kabla hata sijaamini kwamba yu hai, mwili wake ukakakamaa tena. Ile ile. Macho yale yale. Bibi akaanza kulia kilio cha msiba, kile chenye maneno ndani yake, akimwita Rajabu kwa jina la baba yake yeye Bibi mwenyewe. Mama akajilaza juu ya miguu ya mtoto. Mimi nilijua kwamba ndiyo basi, na kwamba mimi ndiye niliyefungua kopo.

"Wewe," nesi akaniambia. Hakuwa amepaza sauti. "Njoo hapa. Anaipenda sauti ya nani nyumbani?"

"Yangu."

"Basi msemeshe. Sikioni. Usiache hata nikikwambia nyamaza."

Sikuweza kusema kwa kuwa meno yalikuwa yakigongana, nikaimba. Niliimba nyimbo zote nilizozidonoa kila mahali: za chuoni, za kutwanga, za ngoma ya watu wa Magoma niliyoisikia mara moja tu harusini, hata wimbo wa vijana wa chama wa kusifu jembe. Mtoto akalegea. Nesi akaniambia niendelee. Nikaendelea mpaka sauti ikaisha, na jua likazama, na asubuhi ikatukuta hapo hapo sakafuni, Bibi naye ameegemea ukuta, tasbihi mkononi.

Rajabu akafumbua macho, akaomba maji. Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Bibi akamgusa mtoto paji la uso, kisha akaligusa na paja alipochomwa, taratibu, kama anayegusa nyoka kujua kama amekufa.

Mimi nikamwimbia kile kiitikio alichokuwa akikipenda. Akanitazama midomo. Nikaimba tena, nikiwa nyuma ya kichwa chake safari hii, kwa utani, nimngoje aitikie. Hakugeuka. Nikapiga makofi. Hakugeuka.

Nilikaa na jambo hilo peke yangu muda mrefu, nikimtazama Mama anavyofurahi. Kisha nikamwambia, "Mama, Rajabu hasikii."

Hakusikia tena. Upande mmoja hakusikia kabisa, na upande wa pili alisikia kama mtu aliye chini ya maji. Kijijini kila mtu akajua sababu. Shangazi Mwanjaa alisema dege amechukua masikio badala ya roho. Bibi alisema ni sindano. Alisema hivyo kila mara Rajabu alipoitwa asiitike, kwa sauti ndogo, akihakikisha Mama yuko karibu. Mama aliendelea kutwanga. Wakaishi hivyo nyumba moja, kinu kimoja, na kati yao ile sindano.

Nami nikaacha kudonoa. Au niseme, nilidhani nimeacha. Sikugusa tena mdudu yeyote. Lakini Rajabu alihitaji namna ya kusema na watu, na hakuna aliyekuwa na wakati wa kumtafutia isipokuwa mimi. Nikamchorea. Nilimchorea kila kitu, mchangani na ukutani: kisima, hasira, kesho, Baba anakuja. Nikamfinyangia udongo. Nikampeleka kwa wapiga ngoma, akaegemeza kifua kwenye ngoma kubwa na kuyapata mapigo yake. Nikajifunza kusema kwa midomo mipana na mikono. Na kwa kuwa alikuwa mgonjwa mgonjwa, nilikuwa nikimpeleka kwa nesi Eliwaza, nikabaki kutazama na kuuliza, naye akinijibu huku anachemsha sindano zake.

Baadaye nilichaguliwa kwenda shule ya bweni, nikasoma mchepuo wa sayansi. Nilipokaribia mitihani ya mwisho, nikiwa nimejaza udaktari katika nafasi ya kwanza, mwalimu wangu mmoja aliniita. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa ameniona nikiongoza kwaya, nikichora picha za mchezo wa kuigiza, nikiwakusanyia wazee hadithi za Kizigua wakati wa likizo.

"Zaina, udaktari ni mke mwenye wivu," akasema. "Hayo mengine yaache. Mtu wa mambo yote si mtu wa jambo lolote."

Nilimjibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa sababu ndivyo tulivyojibu. Lakini usiku huo nilijiuliza ni lipi kati ya hayo ningeliacha nikabaki na jambo la kumpa mdogo wangu. Sikuliona. Nikaingia chuo kikuu huko Dar es Salaam nikiwa nayo yote.

Siku niliyotaka kuisimulia hasa ni ya mwaka tuliosoma somo la dawa. Mhadhiri alikuwa akizungumzia kwinini, akafika kwenye madhara yake, akasema kwa sauti ile ile aliyosomea mengine kwamba inaweza kuharibu usikivu. Kisha akaongeza kwamba malaria iliyopanda kichwani nayo inaweza, na kwamba kwa mgonjwa mmoja mmoja mara nyingi huwezi kujua ni ipi. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinishinda. Hofu ile ile ya mlangoni pa zahanati ikanirudia, mchana kweupe, katika chumba kilichojaa watu waliosoma. Miaka yote nilikuwa nimemhesabu Bibi kuwa amekosea. Nilikuwa nimeujenga udaktari wangu juu ya kosa lake.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani. Bibi alikuwa mzee sana, haoni vizuri, anaota jua ukutani. Rajabu alikuwa mbele ya nyumba akiranda mbao. Alikuwa seremala sasa. Nikampa Bibi shikamoo, nikaketi miguuni pake. Mama alikuwa ndani, mlango wazi.

"Bibi," nikasema, "masikio ya Rajabu. Huenda ni ile sindano. Tumefundishwa. Inawezekana ulisema kweli."

Mle ndani mwiko wa Mama ulisimama sufuriani.

"Inawezekana," akasema hatimaye. Kisha akageuza uso upande wa mlango, akapaza sauti, sauti niliyokuwa sijaisikia kwake tangu utoto wangu.

"Lakini bila sindano ile nisingekuwa na wa kumwita asiitike. Ningekuwa nimemzika, Mama Zaina. Ulifanya vyema."

Mama hakutoka. Nilisikia tu mwiko ukianza tena kugeuka.

Nimekuwa daktari sasa kwa miaka mingi kuliko niliyoishi bila udaktari. Wazazi huniletea watoto waliokakamaa, na katika uso wa kila bibi anayenizibia mlango naiona hofu ninayoijua kwa jina. Siwacheki. Kwanza nangoja marahaba yangu. Nikishaipata, nawaambia ninachokijua, na nisichokijua nawaambia pia, kwamba dawa hii inaweza kuokoa na inaweza kuchukua kitu. Wengine hushangaa daktari kusema hivyo. Bado naogopa kidogo kabla ya kuchoma, na siku hizi nimeacha kuionea aibu hofu hiyo.